Lenzi Tatu za Kwenda Kabalega

Mmeniuliza mmoja mmoja, studioni, msikitini, hata kwenye foleni ya sukari pale Nakawa: ilikuwaje huko mbugani Kabalega? Kila mara nimejibu "salama tu", kwa sababu kwenye foleni hujui nani amesimama nyuma yako. Leo nimefunga mlango, naandika mara moja kwa ajili yenu nyote. Someni mkiwa ndani, mpeane kwa mkono, msitie posta. Majina ya watu niliokutana nao nimeyabadilisha. Habari za vibali na barua za ruhusa nitaziruka, maana nikianza hizo sitamaliza, na hasira niliyonayo inatosha bila kuongezewa.

Nakawa, chumbani

Mnajua jinsi kazi ilivyoanza. Mchapaji mmoja wa kule kwenye viwanda alitaka picha kumi na mbili za kalenda, wanyama sita na mandhari sita, nyeusi na nyeupe, na hakumwona mpiga picha mwingine aliyebaki mjini mwenye vyombo vyake mwenyewe. Wale Wahindi wenye maduka ya kamera walikwisha fukuzwa. Filamu zenyewe zilikuwa zinatafutwa kama dawa. Nilikuwa nazo roli tatu tu, kwa hiyo kila picha ilibidi iwe ya maana.

Nilizipanga lenzi zangu kitandani juu ya kanga, nne kwa idadi, na mkobani mwangu ziliingia tatu tu. Ile pana, ya milimita ishirini na nane, haikuwa na mjadala: maporomoko ya Nile hayawezi kuingia kwenye lenzi nyingine ukiwa umesimama juu ya mwamba usio na nafasi ya kurudi nyuma. Ile ya kawaida, ya hamsini, imo kwenye kamera siku zote, nayo huona kama jicho linavyoona. Swali likawa kati ya ile ya mia thelathini na tano, ambayo ndiyo naipigia maharusi, na ile ndefu ya mia nne, ambayo ni nzito kama mchi, haioni vizuri bila jua kali, na bila stendi ya miguu mitatu inatikisika hadi picha inakuwa uji.

Mzee Kasule, dereva, rafiki wa marehemu baba tangu ujana wao, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Nnyabo, ire ndefu iache," akasema kwa lafudhi yake ya Kiganda, akiniita bibi kama kawaida yake. "Watasema ni bunduki."

"Mzee, nitampigaje simba kwa lenzi ya maharusi? Nimwambie asogee karibu na bibi harusi?"

Alicheka, lakini hakuondoa macho kwenye ile lenzi. "Mimi ndiye nitaurizwa pare balabalani. Wewe utakaa nyuma na mtandio wako."

Mama naye akatia neno kutoka jikoni: chukua ndogo, mwanangu, picha ni picha. Nikawakasirikia wote wawili. Mnyama wa porini humwendei ukamgusa bega. Ukitaka jicho lake, ukitaka mikunjo ya ngozi, unakaa mbali, unaleta lenzi ndefu. Hilo ni jambo la kazi, si la woga. Nikaiacha ya maharusi, nikaifunga ile ndefu ndani ya taulo, nikaiweka chini kabisa ya mkoba. Hadi leo najua nilichagua sawasawa. Ndiyo maana nina hasira. Katika nchi yenye akili, mtu anayechagua sawasawa hapati adhabu.

Hadi Bombo na kuendelea

Tuliondoka baada ya alfajiri na gari la Kasule, Pijo la zamani lenye mlango mmoja uliofungwa kwa waya. Kabla jua halijawa kali tulikuwa tumesimamishwa na askari mara tatu. Mara ya kwanza walitaka sigara. Mara ya pili walitaka kujua kwa nini mwanamke anasafiri na mwanamume ambaye si mumewe, na Kasule akawaambia mimi ni mtoto wa rafiki yake, na wao wakasema kila mtu siku hizi ana mtoto wa rafiki. Walicheka sana. Mimi nilitazama mbele.

Mara ya tatu askari mmoja mrefu aliiona kamera shingoni kwangu, akavaa miwani ya jua ya mwenzake, akasimama mbele ya kizuizi mguu mmoja juu ya pipa.

"Mama, mimi natoka vizuri?"

Nikampiga. Akataka ya pili, ameshika bunduki. Nikampiga. Wenzake nao wakataka, wawili wawili, kisha wote. Picha kumi na moja za filamu yangu ziliishia pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza picha zitamfikiaje. Walitaka tu kupigwa. Nilipofunga kamera, yule mrefu akaniambia kwa upole kabisa, "Asante, mama. Enda salama." Nisingekuwa na hasira kama angekuwa mkali.

Daraja la Kafu

Kabla ya daraja kuna mwanamke anayeuza chai na mihogo ya kuchoma. Tulikaa kwenye benchi lake. Chai haikuwa na sukari wala maziwa. Alituomba radhi, akatupa kipande cha tangawizi tutafune ili ulimi usahau. Mihogo yake ilikuwa mizuri, laini ndani, na Kasule alikula mitatu. Niliwaza kwamba safari itakuwa njema.

Askari wa darajani hawakutaka kupigwa picha. Walitaka mkoba. Mmoja aliingiza mkono hadi chini, akafungua taulo, na kile chuma kirefu cheusi kilipotoka aliruka nyuma hatua mbili.

"Ii kitu ni nini?"

"Lenzi. Jicho la kamera."

"Hapana danganya mimi! Jicho gani iko namna hii?"

"Ni ya kupigia wanyama wa mbali."

"Unapiga nyama na hii?" Akamgeukia mwenzake. "Anasema anapiga nyama na hii!"

Nilieleza, nikaonyesha barua, nikafunua vioo vya mbele na vya nyuma. Ikawa mbaya zaidi, maana mwenzake alisema sasa ameelewa: hii ni darubini ya majasusi, na mimi nimekuja kulipima daraja. Kasule alijaribu kusema jambo, akapigwa kofi moja. Mzee wa miaka sitini na tatu. Alishika shavu lake kama mtu anayewaza tu.

Tulikalishwa juani mpaka adhuhuri ikapita. Yule mama wa chai alikuja na kikombe cha maji, akakiweka karibu yangu bila kunitazama, akarudi kwenye jiko lake. Baadaye likaja gari la jeshi likielekea Masindi. Ndani yake alikuwa kapteni, na tukaambiwa tumfuate.

Masindi

Nilitegemea kelele. Kapteni huyu hakuwa na kelele. Alitukaribisha kwenye veranda ya nyumba iliyokuwa ya tajiri mmoja aliyekimbia, akaagiza chakula: wali wenye mawe na maharage yenye wadudu, nasi tukala, kwa sababu unapokuwa mbele ya mtu kama huyo unakula.

"Mama Zainabu," akasema, maana barua yangu alikwisha isoma, "mimi sikusomea picha. Nionyeshe."

Alichukua lenzi peke yake, bila kamera, akaielekeza kwenye mti ng'ambo ya barabara, akaivuta polepole kutoka jichoni hadi ikatulia. Kisha akaishusha ghafla.

"Mbona dunia imepinduka? Mti uko juu chini!"

"Ndivyo lenzi zote zilivyo, afande. Ni kamera ndiyo inayoigeuza picha isimame. Ndani yake kuna kioo."

Akaniangalia kwa muda mrefu akiwaza kama ninamdhihaki. Nikaifunga lenzi kwenye kamera, nikaisimamisha juu ya stendi, nikamwonyesha pete ya kuzungusha, naye akainama. Mti ukamjia na majani yake. Alitabasamu kama mtu aliyepata zawadi.

"Ndege pale, namwona hata mdomo. Darubini zetu zote wameuza hawa wajinga." Akasimama wima. "Kesho tunakwenda pamoja Kabalega. Wewe unatafuta wanyama wako, mimi natafuta wangu."

Kasule, shavu limevimba, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama ninakwenda, na yeye anakwenda. Kapteni akasema hakuna ubaya, gari lina nafasi.

Sikulala vizuri, lakini sitawasimulia hilo. Nililijua jibu la swali ambalo sikuuliza. Sisi wote tunajua pembe za ndovu zinakopelekwa.

Ng'ambo ya Nile

Mtasema walau nilipata picha ya maporomoko. Nilipata. Nilitoa ile lenzi pana, nikalala kifudifudi juu ya mwamba wenye utelezi, maji yote ya mto ule mkubwa yakijibana kwenye mwanya mdogo mbele ya uso wangu, na kwa dakika chache nilisahau kwamba nyuma yangu kuna watu sita wenye bunduki wanaotaka niharakishe. Ilikuwa nzuri. Nami nachukia kwamba ilikuwa nzuri siku ile.

Kwenye kivuko aliungana nasi mlinzi wa wanyama, nitamwita Opio, mtu mwembamba, mvi kidogo, sare yake imefuliwa hadi rangi imekwisha. Alimpigia kapteni saluti, akaketi nyuma ya gari karibu yangu na Kasule. Njia nzima alitazama nje. Tulipita mifupa, tukapita mifupa mingine. Mahali pamoja palikuwa na mafuvu manne ya ndovu chini ya mti mmoja, yote yamekatwa usoni.

"Zamani," Opio akaniambia, kama anayesema na dirisha, "hapa gari inasimama sababu ya ndovu kupita. Unazima injini, unangoja. Wazungu walikuwa nalalamika wamechelewa chakula."

Kapteni alisimamisha gari juu ya kilima. Saa sita, jua limekaa kichwani, nchi yote chini yetu inatetemeka kwa joto. Akaniambia nitafute.

Nikaweka stendi. Niliwaona mara moja, mkono wa kushoto, mbali, kando ya kijito: migongo ya kijivu, labda kumi na watano, pamoja na wadogo. Mmoja alikuwa na meno marefu yanayokaribia nyasi. Hii ndiyo picha niliyoijia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza, kwa sababu kamera yangu hulia inapopiga, na kila mtu angejua nimepata kitu. Nikazungusha ile pete mpaka migongo ikayeyuka.

"Nini?" kapteni akauliza.

"Nyati, nafikiri. Joto hili, afande, lenzi ndefu haioni. Hewa inachemka."

Hilo la hewa kuchemka ni kweli. Mpiga picha yeyote atawaambia. Kapteni akainama, akaona ukungu mtupu. Akamwita Opio.

"Wewe! Kule chini ni nini?"

Opio alikaza macho, hakutaka kamera. Nilijua anaona. Mtu aliyeishi nao maisha yake yote anawaona hata akifumba macho.

"Ni nyati, afande," akasema. "Wengi. Wakali sana wakati huu."

Hatukuwahi kuzungumza jambo hilo, mimi na yeye. Nilitamani nimshike mkono.

Kapteni alikuwa ameanza kurudi kwenye gari. Ndipo askari mmoja aliyekaa juu ya paa akasema, "Afande, nyati gani iko na masikio namna hii?"

Sitaandika yote. Waliteremka na gari hadi karibu, wakapiga kwa bunduki za vita, zile zinazomimina, kwa hiyo hawakuchagua. Watatu walianguka. Mmoja alikuwa yule mwenye meno. Wa pili alikuwa jike. Wa tatu alikuwa mdogo ambaye hakuwa na jino lolote la kuuza. Wengine walikimbia kuingia vichakani wakipiga ile sauti yao, na tuliwasikia kwa muda mrefu baada ya kutowaona.

Kapteni alirudi akiwa anatokwa na jasho, akampiga Opio kitako cha bunduki mgongoni, mara mbili, bila hasira, kama anayetimiza wajibu. "Hiyo ya uongo," akamwambia. Kisha akanigeukia, akatabasamu.

"Wewe sikupigi. Wewe ni mjinga tu wa mashine yako. Sasa njoo unipige picha."

Nilipiga. Nataka mjue hivyo kutoka kwangu, msije mkasikia kwa mwingine. Nilitoa lenzi pana kwa sababu alitaka aonekane yeye na ndovu mzima, na niliisogeza kamera hadi picha ikapendeza, kwa sababu mikono yangu imezoea kufanya hivyo. Kapteni na mguu juu ya kichwa. Kapteni ameketi juu ya ubavu. Askari sita mstari mmoja. Kasule aligeuka akatazama upande wa mto. Mimi sikuwa na ruhusa ya kugeuka.

Jioni kapteni alitushusha kwenye kambi ya walinzi, akatuambia gari letu litaletwa asubuhi. Picha atazifuata mtu wake Kampala, pamoja na filamu yenyewe. Nikamwomba lenzi yangu.

"Hii itabaki," akasema. "Ni ya serikali sasa. Lakini utanifundisha vizuri siku nyingine ile pete."

Kwa miguu

Opio alitupikia uji wa mtama na samaki mkavu kutoka mtoni, na alipoinama kukoroga, Kasule alimnyang'anya mwiko akakoroga mwenyewe. Asubuhi, jua likianza, Opio alikuja kusimama mlangoni.

"Mama, filamu iko bado?"

"Kidogo. Ni roli ya mwisho, zimebaki sita, labda saba."

"Njoo. Hakuna mbali."

"Opio, lenzi imechukuliwa. Nilizobaki nazo ni za karibu, za watu waliokaa kwenye kiti."

"Basi tutakaribia."

Kasule alisema sisi wawili ni wendawazimu, na kwamba marehemu baba atamfuata usingizini. Tulimwacha anasema. Opio alishika majivu, akayarusha hewani kuona upepo unakokwenda, akaniambia nivue bangili. Tulikwenda kama saa nzima, nyasi zikinifika kifuani, yeye mbele, mkono mmoja ukishikilia mgongo unaomuuma. Kila alipoinua kidole nilisimama. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa safi, si kama ile ya Kafu. Ndovu akinikanyaga, nilijua, hatanikanyaga ili anicheke.

Walikuwa mahali pa wazi, wamebanana. Kutoka nilipojikunyata hadi kwao hazikufika hatua arobaini. Kwa lenzi ya hamsini niliwaona kama walivyo, na kwa mara ya kwanza niliona pia nyasi walizosimama, na mti, na anga iliyo juu yao. Jike mmoja alikuwa katikati. Damu ilikuwa imekauka kutoka begani hadi gotini. Hakuweza kusimama peke yake, kwa hiyo wawili wakubwa walikuwa wamembana, huyu kulia na huyu kushoto, uzito wake wote ukiwa juu yao, na hivyo ndivyo walivyokuwa wamekesha. Mwingine alimgusa mdomoni kwa ncha ya mkonga, akaondoa, akagusa tena.

Nilipiga zote zilizobaki. Katika ile ya tano, wa kulia aligeuza kichwa akanitazama. Opio alinishika kifundo cha mguu, maana yake usipumue. Yule ndovu akatutazama. Kisha akatuacha, akarudi kwenye kazi yake.

Njiani kurudi Opio aliongea jambo moja tu. "Yule katikati, sikio yake imechanika chini. Ukinitumia picha, mimi nitamfuata. Nitajua yeye."

Kurudi Nakawa

Pijo lilirudishwa bila tairi ya akiba. Pale Kafu walitupungia mikono kama ndugu.

Nilisafisha filamu ile mwenyewe. Picha za kapteni zilitoka safi kabisa, kila unywele. Kabla mtu wake hajaja nilichukua mkasi, nikaukata mkanda, zake upande mmoja, zile za asubuhi upande mwingine. Alipofika alinyoosha mkono apewe na filamu, nikampa, akauliza kama ndiyo yote, nikasema ndiyo yote. Hata mimi nilishangaa.

Mchapaji alipenda maporomoko. Alipoona ndovu alisema ni picha kubwa, ni picha ya ajabu, lakini je, siwezi kuifuta ile damu? Kuna wino wa kufanyia hivyo. Nikamwambia anaweza kujitafutia kalenda kwingine, nikachukua na maporomoko yangu.

Wiki iliyofuata Kasule alipata abiria wa Masindi. Nilimpa picha moja ya ndovu ndani ya gazeti, ampelekee Opio. Siku nne nikangoja. Aliporudi aliketi jikoni kwetu, mama akampa chai, naye akainywa yote kabla ya kusema.

"Nimempata. Mugongo bado. Amekusarimia sana." Akaweka kikombe chini. "Yure jike alikufa, nnyabo. Siku ya tatu. Wenzake walikaa naye mpaka siku ya tano ndiyo wakaondoka."

Mama alisema innalillahi, kama kwa mtu.

"Opio alingoja wamekwenda, akaenda na shoka," Kasule akaendelea. "Ametoa yare meno mwenyewe, peke yake, na ule mugongo. Ameyapereka mtoni kwa mutumbwi, pare penye kina, akayatupa. Kapteni amekuja kuyatafuta. Amezunguka kutwa na ire renzi yako bira kamera, miti yote juu chini. Hakuna kitu."

Nilicheka hadi mama akaja kunishika mabega. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi, na sikuwa na furaha yoyote ndani yake.